Sikio la Fundi wa Vyombo

Ukambani, shughuli isiyo na vyombo vya muziki huonekana imepungua. Harusi Mwingi, matanga Kathonzweni, harambee ya kanisa Mutomo, hata baraza la chifu likiwa kubwa: utakuta spika mbili nyeusi zimesimama kwenye stendi, jenereta inanguruma nyuma ya mwembe, na kijana kainamia mikisa chini ya turubai. Hakuna anayemtazama mpaka sauti ikatike. Hapo watu wote hugeuza shingo kwa pamoja, mchungaji hugonga maiki kwa kidole, na mtu mmoja huchomoka kwenda kumpigia simu fundi. Fundi huyo ndiye ninayetaka kumsifu.

Kazi yake hudharauliwa kwa sababu ukiitazama kwa mbali ni ya dakika chache: kafika, kashika waya, muziki umerudi. Kinachofichika ni jinsi alivyojua ni waya upi. Fundi mbovu hufika na bisibisi mkononi na kuanza kufungua. Akishindwa hubadilisha kifaa, kisha kingine, mpaka mfuko wa mwenye mali ukauke. Aliye bora hufika akasimama. Husikiliza kwanza, kwa sababu kila ubovu una sauti yake, na sauti hizo amezizoea kuliko wengi wetu tunavyozizoea za ndege wa shambani kwetu.

Mvumo mzito usiopanda wala kushuka humwambia atazame upande wa umeme wa ukutani au wa jenereta. Umeme wetu ni wa volti 240 na huzunguka mara 50 kwa sekunde. Ukipenya mahali usipotakiwa, spika huutoa kama mvumo huo. Mkwaruzo unaokuja mtu akizungusha kitufe cha sauti ni vumbi, na vumbi jekundu la Kitui na Makueni halina mlango lisiloujua. Sauti inayokatika kila ngoma inapopiga kwa nguvu, kisha ikarudi palipo na utulivu, ni njaa ya umeme. Kuna pia ubovu wa hila unaowashinda wengi: spika zote zinalia, hakuna kilichoungua, lakini besi imetoweka. Mwenye mali hudhani amplifaya imezeeka. Fundi huchukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, akaigusisha kwenye nyaya za spika kwa nukta moja, chanya kwa chanya, huku jicho likiwa kwenye karatasi yake. Karatasi ikiruka kuja nje, sawa. Ikizama ndani, spika hiyo imeunganishwa kinyume: mwenzake akisukuma hewa yeye huivuta, na besi ya wawili hao huuana hewani. Dawa yake ni kubadilisha nafasi za nyaya mbili. Haigharimu hata shilingi.

Nimemwona mmoja mjini Wote akishughulikia pikapu ya mahubiri, ile ya spika zinazotazama mbele na nyuma. Dereva akikanyaga mafuta, mluzi ulipanda pamoja na injini mpaka neno la Mungu likamezwa. Mama mwenye gari alikwisha shauriwa anunue amplifaya mpya. "Mwaitu, naomba tuzime injini kwanza," fundi akamwambia. Injini ikazimwa, mluzi ukafa. Alteneta, basi, lakini sauti yake inapitia wapi? Akawasha injini tena, akachomoa waya wa muziki unaoingia kwenye amplifaya. Kimya. Maana yake mluzi hauji kwa waya wa betri, unaletwa na waya wa muziki. Akaunganisha simu yake, inayokula betri yake yenyewe, na wimbo ukatoka safi. Kwa hatua mbili hizo amplifaya ilikuwa imeondolewa lawama, na mama alikuwa ameokoa pesa asizokuwa nazo.

Mwisho wa yote kosa lilikuwa skrubu. Waya hasi wa mikisa ulikuwa umefungwa chini ya dashibodi, juu ya rangi. Ule wa amplifaya umefungwa nyuma, kwenye bodi. Sehemu mbili za gari lilelile hazina umeme sawa injini ikiwaka, na tofauti hiyo ndogo ilitafuta njia ya kupita, ikaipata kwenye waya wa muziki. Fundi akakwangua rangi kwa wembe mpaka chuma kikang'aa, akazileta nyaya zote mbili hasi mahali pamoja, akazikaza. Waya wa muziki, uliokuwa umelazwa bega kwa bega na waya mnene wa betri, akaupitisha upande wa pili wa gari. Sijaona kazi safi kuliko ile, na sehemu iliyonivutia zaidi ni dakika alizokaa bila kugusa chochote.

Ukitazama kwa makini utaona anafanya jambo moja kila mara: anaikata njia katikati. Sauti husafiri kutoka kwenye maiki au simu, ikapita mikisa, ikaingia amplifaya, ikatoka kwa waya hadi spika. Akijua kwamba nusu moja ni nzima, hairudii tena. Anakata iliyobaki. Na hupima kwa kitu anachokifahamu kwa moyo. Wako wanaojaribia vyombo kwa benga ya Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, na nawaelewa: gitaa lake liko juu na jembamba, besi inatembea yenyewe chini, na mtu aliyekua na nyimbo hizo hujua mara moja kipi kimekosekana. Kubadilisha nyimbo kila unapopima ni kama kupima kitambaa kwa kamba inayonyumbuka.

Mita nayo haidanganyi, ila ni lazima ujue kuiuliza. Betri ya gari iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6 hivi, injini ikiwaka hufika karibu 14. Wengi hupima betri, wakaona ni nzima, wakaishia hapo. Fundi wa kweli hupima kwenye amplifaya yenyewe, muziki ukiwa juu, kwa kuwa betri inaweza kushiba na amplifaya ikalala njaa. Kisha huweka ncha mbili za mita kwenye ncha mbili za waya mmoja. Waya mzuri husoma karibu na sufuri. Ukisoma volti nzima, umeme unaliwa njiani: kichwa cha betri kimelegea, au waya ni ule wa bei rahisi, alumini iliyopakwa shaba juu. Na amplifaya inayochemka na kujizima mara nyingi haina kosa. Mtu ameiongezea spika. Nne za ohmu 8 zikifungwa sambamba ni ohmu 2, mzigo ambao amplifaya nyingi hazikuundiwa.

Ujuzi huu hupatikana kwa kukaa na fundi mkubwa, kwenye kibanda chenye harufu ya risasi ya kulehemu pale Emali au Kitui mjini, ukiona mjusi aliyekaukia ndani ya amplifaya na nyaya zilizotafunwa na panya. Ningependa vyuo vya ufundi vya kaunti viwape mafundi hao nafasi ya kufundisha. Na ningependa tulipe saa ya kutafuta, hata kama kilichopatikana ni fyuzi. Anayenung'unika kwamba "ilikuwa waya tu" hajui ni vitu vingapi ambavyo havikununuliwa.

Mpakani mwa kaunti za Kitui na Makueni, mto Athi unapokutana na mto Thwake, linajengwa bwawa la Thwake, ukuta wa zaidi ya mita 80. Maji yakijaa, boti za kutembeza watu huenda zikafuata, na pamoja nazo muziki. Waliowahi kufanya kazi kwenye boti za starehe za Mtwapa wanajua maradhi yake: chumvi hugeuza shaba kuwa unga wa kijani, injini hutikisa viungio mpaka vikalegea, na muziki wa jioni humaliza betri ambayo ilitakiwa kuwasha injini ya kurudi nyumbani; kwa hiyo betri ya muziki hutengwa na ya injini. Thwake hakutakuwa na chumvi, bali unyevu na mtikisiko utakuwepo. Fundi wa Wote atakuwa na jambo moja geni la kuzoea: boti ya mbao au ya faiba haina bodi ya chuma ya kurudishia umeme, na kila waya hasi sharti urudi wenyewe mpaka kwenye betri. Mengine yote anayajua tayari.