Kuulinda Ugwe Uti Unaponyooshwa

Uti wa mgongo uliopinda hunyooshwa kwa skrubu zinazofungwa kwenye pingili na fito za chuma zinazoziunganisha. Ugwe, yaani mkanda laini wa neva unaopita ndani ya pingili hizo, waweza kuumia bila hata kuguswa na chombo: uti ukivutwa nao huvutika, vimishipa vinavyoulisha hubanwa, na neva zikikosa damu hunyamaza.

Paul Harrington wa Houston, Marekani, alichapisha matokeo ya fito zake mwaka 1962. Enzi hizo kupooza kulijulikana mgonjwa alipozinduka, wakati kidonda kimeshashonwa. Mwaka 1973 Pierre Stagnara wa Lyon, Ufaransa, na wenzake walieleza njia ya kumzindua katikati ya upasuaji. Dawa ya usingizi hupunguzwa, kisha mgonjwa huambiwa afumbate mkono. Akifumbata, anasikia. Ndipo huambiwa achezeshe vidole vya miguu; mkono ukitii na miguu ikagoma, ugwe umepata shida. Jibu ni la wazi, ila ni la dakika hiyo tu.

Umeme ulileta ulinzi wa mfululizo. Neva ya kwenye kifundo cha mguu hushtuliwa kidogo, na vipokezi vya kichwani hunasa wimbi linalofika ubongoni. Kimo cha wimbi kikishuka kwa nusu, au likichelewa kwa asilimia 10, timu hutahadharishwa. Kasoro yake ni kwamba wimbi hilo hupita nyuma ya ugwe, kwenye njia ya hisia. Theluthi mbili za mbele hulishwa na ateri nyingine, kwa hiyo mgonjwa aweza kuhisi akiguswa lakini asiweze kuinua mguu.

Ndiyo maana njia ya mwendo hupimwa pia: umeme hupigwa kichwani, misuli ya miguu ikajibu. Meno huwekewa kitambaa, maana taya hujifunga ghafla na ulimi waweza kukatwa. Gesi za usingizi hufifiza majibu haya, hivyo propofoli ya mshipani hupendelewa, na dawa za kulegeza misuli huepukwa.

Ishara ikishuka, mtaalamu wa usingizi hupandisha shinikizo la damu, akakagua wingi wa damu na joto la mwili. Waya nazo huangaliwa, kwani iliyochomoka hudanganya vilevile. Mpasuaji hulegeza alichokaza mwisho. Ishara isiporudi, mgonjwa aweza kuzinduliwa palepale mezani na kuambiwa afumbate mkono, kisha achezeshe vidole vya miguu.