Queen na Matanga Yasiyoanuliwa

Mwanza tunaiita Rock City kwa sababu ya mawe, si kwa sababu ya magitaa. Lakini swali la bendi ya rock kubadili mwimbaji linatuhusu na sisi huku ziwani, maana aliyeacha pengo lenyewe ni mzaliwa wa Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa mwaka 1946. Dunia ikamjua kama Freddie Mercury wa Queen. Alifariki Novemba 1991.

Miaka mingi baadaye Brian May na Roger Taylor walimchukua Paul Rodgers, aliyewika na Free na Bad Company. Jina wakaliandika hivi: Queen + Paul Rodgers. Baadaye ikawa Queen + Adam Lambert. Wengi wanaiona ile alama ya kujumlisha kama heshima kwa marehemu. Sawa, ni heshima. Ila mimi naona na woga ndani yake. Mgeni anaambiwa karibu sebuleni, chumba cha ndani kina mwenyewe.

Sasa tazama dansi letu. NUTA Jazz ilianza 1964, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ni Msondo Ngoma. Muhidin Gurumo aliondoka 1978 akawa mmoja wa waanzilishi wa Mlimani Park, baadaye akarudi. TX Moshi William alifariki 2006. Watu wakalia, wakazika, bendi ikaendelea kupiga, na hakuna aliyeweka alama ya kujumlisha. Msondo ni ngoma, na ngoma haizikwi na mpigaji wake.

Ndiyo maana namtetea Rodgers, jambo ambalo mashabiki wengi hawatanisamehe. Sauti yake ni ya blues, haipandi kule alikopanda Freddie. Lambert anapanda, tena bila jasho. Lakini Rodgers alitunga nao nyimbo mpya, wakatoa The Cosmos Rocks mwaka 2008. Albamu yenyewe hainikoshi, kwa kweli. Ila ilithubutu. Na Lambert, miaka yote hii, hawajatoa albamu ya studio yenye nyimbo mpya. Kila jukwaa ni kumbukumbu.

Jamani, kumuenzi marehemu ni wajibu. Lakini matanga yana siku ya kuanuliwa. Mwimbaji mpya asiyepewa wimbo wake mwenyewe hajapokewa bado. Kaitwa tu kusaidia kulia.