Kusubiri "Ila"

Mtu amefiwa usiku, asubuhi ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu, "Nzuri." Atanyamaza kidogo, avute pumzi, ndipo aseme, "Ila tumepata msiba." Kila aliyelelewa katika Kiswahili anaijua desturi hii. Habari yenyewe iko nyuma ya "ila", na asiye na subira huichukua ile "nzuri" akaenda zake nayo.

Namfahamu muuguzi wa afya ya akili, sasa amestaafu, aliyeingoja hiyo "ila" kwa miaka 19 katika zahanati ya gereza moja la Kanda ya Ziwa. Wafungwa walimwita Daktari, maana gerezani kila anayeshika sindano ni daktari. Sisi wa mtaani tulimwita Sista, na hadi leo ni Sista. Jina la mgonjwa hajawahi kunitajia hata moja. Kazi yenyewe, hiyo amekubali niitazame kwa karibu. Jioni moja aliweka viti viwili barazani kwake, vimekaa mshazari, akaniambia nikae kama mahabusu aliyeletwa jana.

Kiti ndicho kilichokuwa jambo la kwanza. Mfungwa mbele ya afande huchuchumaa. Zahanati aliyoikuta ilikuwa na kiti kimoja, cha mtabibu, na mgonjwa alichuchumaa macho yakiwa sakafuni. Sista akaleta cha pili kutoka kwake. "Aliyechuchumaa hujibu kama yuko polisi," aliniambia. "Halafu uso wake huuoni, mwanangu. Utampimaje?" Askari naye alimwomba asogee mpaka mlangoni, mahali pa kuona bila kusikia. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zinataka hayo hayo: kila anayeingia gerezani aonwe na mtaalamu wa afya mapema iwezekanavyo, kwa faragha, na atazamwe pia kama ana dalili za msongo, za kutaka kujidhuru au za kuachishwa ulevi. Sista alikuwa akifanya hivyo kabla kanuni hizo hazijaandikwa.

Kisha salamu. Nilidhani anapoteza muda. "Habari za tangu jana?" Nzuri. "Umeamkaje?" Salama. "Na huko ulikotoka, wameamkaje?" Hapo akanyamaza, mikono mapajani, akanitazama bila kunikazia macho. Nilihesabu kimoyomoyo, nikafika 11. Sikuwa mahabusu wala sikuwa na la kuficha, lakini nilianza kumweleza habari za mama yangu na magoti yake. Akacheka. "Umeona? Watu wazima hawavumilii kimya. Anayevumilia kimya kile bila kuhangaika, huyo namwandika jina nimrudie kesho."

Katika salamu hizo tatu alikuwa ameshapima mengi: kama ninamtazama, kama jibu linafuata swali, kama sauti ina uhai, kama nakawia mno au nakimbilia maneno. Vitabu humtaka mtabibu amuulize mgonjwa leo ni tarehe ngapi. Yeye aliliacha swali hilo mapema, kwa sababu gerezani tarehe humpotea hata mwenye akili timamu. Aliuliza, "Kesi yako imeahirishwa mpaka lini?" Mahabusu huijua tarehe ya kurudi mahakamani kuliko anavyoijua siku aliyozaliwa. Asiyeijua, au asiyeijali tena, ana jambo.

Zipo hojaji zilizotungwa kwa kazi hii, na Sista hakuzidharau. Ile ya sonona iitwayo PHQ-9, iliyochapishwa mwaka 2001, ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na anayefika 10 kati ya 27 anastahili kuangaliwa zaidi. Imetafsiriwa kwa Kiswahili. Lakini inauliza habari za usingizi na hamu ya chakula, na wapi katika bweni lililojaa utampata mtu anayelala vizuri? Ukiisoma ilivyo, gereza zima lina sonona. Kwa hiyo Sista aliongeza swali lake: "Na mwenzako wa ubavuni, naye halali?" Akisikia, "Yeye anakoroma, mimi ndiye nakesha," hapo aliandika 3 bila wasiwasi. Kuhusu kukosa hamu ya mambo aliuliza kama mtu bado anacheza drafti, au kama bado anatoka kuota jua wenzake wanapotoka. Hiyo ndiyo sanaa ninayoistahi, ya kuchukua kipimo kilichotungwa mbali na kukitafutia mahali pa kukaa katika maisha ya mtu aliye mbele yako.

Kuhusu sauti alikuwa mwangalifu zaidi. Ukimuuliza mtu wa bwenini kama anasikia sauti, atakujibu ndiyo, watu 200 wanaongea. Swali lake lilikuwa, "Sauti hiyo, mwenzako naye anaisikia?" Na mtu akisema ni jini, Sista hakubishana na jini. Aliuliza, "Linakuamuru nini?" Jini linalocheka lingoje wiki. Jini linaloamuru mtu aache kula, au ampige aliyelala pembeni, lilihitaji dawa siku hiyo hiyo.

Swali gumu kuliko yote alilitamka waziwazi: "Umefika mahali pa kuona heri ufe?" Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo. Utafiti hauungi mkono hofu hiyo, na uzoefu wake ulikuwa huo huo. Wengi walishusha mabega kana kwamba wametua mzigo. Ugumu mwingine unatoka katika sheria. Tanzania, Kanuni ya Adhabu bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilikitangua kifungu cha aina hiyo Januari 2025. Naiombea nchi yangu ifuate, kwa sababu mtu hawezi kuonyesha kidonda kwa anayemwogopa.

Wanaohitaji kazi hii si wachache. Mwaka 2012 watafiti Seena Fazel na Katharina Seewald walikusanya tafiti za wafungwa 33,588 katika nchi 24. Walikuta wenye maradhi mazito ya kupoteza uhalisia ni asilimia 3.6 ya wanaume na 3.9 ya wanawake; wenye sonona kali ni asilimia 10.2 na 14.1. Katika gereza la watu 1,000, hesabu hiyo ni zaidi ya watu 100 wanaojibu "nzuri" kila asubuhi.

Lakini wakati mwingine akili huchafuka kwa sababu mwili umechafuka. Kanuni ya Sista ilikuwa fupi: kichaa kilichoanza juzi, shuku mwili kwanza. Pima joto, pima malaria, pima sukari, uliza kuhusu kichwa kupigwa. Mlevi wa gongo aliyekamatwa Ijumaa huanza kutetemeka Jumamosi, na Jumatatu anaona wadudu ukutani. Bweni litasema amerogwa, kumbe ni pombe iliyokatwa ghafla, na inaweza kumuua. Mtumia unga mwenye arosto ni habari nyingine tena. Kuyatenganisha haya kwa macho, kwa kidole juu ya mapigo ya mkono na kwa maswali manne matano, tena foleni ikiwa mlangoni, ni ujuzi ambao sijui kama tumeupa heshima yake.

Na matibabu? Vidonge alivitoa mwenyewe, kikombe cha maji mkononi, na mgonjwa akishameza anazungumza naye kidogo. Anayeficha kidonge chini ya ulimi haongei vizuri. Vingine vina soko bwenini, hasa benzeksoli inayotuliza madhara ya dawa za akili, maana hulewesha. Aliyetumia haloperidoli na siku ya pili shingo ikapinda, macho yakapanda juu, wenzake huita wachungaji; lakini Sista alikuwa amekwisha kumwonya kabla: "Ikitokea, nyapara aniite, ni dawa, nitaiondoa." Onyo hilo la nusu dakika liliwaweka wengi kwenye dawa. Klopromazini hufanya ngozi iungue juani kirahisi, basi alikwenda kwa bwana shamba kuomba mtu wake ahamishiwe kivulini, akachambue maharage. Hakuna kitabu cha dawa kitakachokufundisha kuzungumza na bwana shamba.

Manyapara walikuwa macho yake ya usiku. Hakuwauliza nani kichaa. Aliwauliza nani anagawa chakula chake, nani amegawa blanketi, nani ameacha kuoga. Mtu anayegawa vitu vyake kwa utulivu alimtisha kuliko anayepiga kelele.

Ambao mahakama ilitilia shaka akili zao walipelekwa Isanga, Dodoma, kwenye taasisi iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe, na sheria inampa daktari siku 42 kuandika taarifa yake. Kanuni za Mandela zinasema wazi kwamba asiyewajibika kwa kosa kwa sababu ya maradhi ya akili asiwekwe gerezani. Wapo waliowekwa. Sista aliwaandikia barua za rufaa mwezi hadi mwezi, kwa mwandiko ule ule uliolala kulia, na nakala zake alizihifadhi.

Siku ya mtu kutoka ndiyo iliyomkosesha usingizi. Sindano ya flufenazini inakaa mwilini wiki 4 hivi, kisha ukimya unaisha na sauti zinarudi. Kwa hiyo aliandika kadi: jina la dawa, kiasi, tarehe ya sindano ijayo, zahanati iliyo karibu na kwao. Neno gereza hakuliandika.

Kadi hizo, na nyingine za wauguzi wenzake, bado zinatembea vijijini mifukoni mwa watu. Wewe uliye zahanati, akikufikia mtu ameishika, usimuulize alifungwa kwa kosa gani. Mpe kiti, msalimie, mchome sindano yake, kisha umwandikie tarehe nyingine.