Sifa za Anayefunga Msafara

Penye nchi tambarare, upepo ndio unaowafunga waendesha baiskeli pamoja. Anayenyonga peke yake kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuikata hewa iliyo mbele yake. Akijibanza nyuma ya mwenzake, robo ya kazi hiyo humwondokea, pengine hata zaidi. Ndiyo maana Uholanzi au Ubelgiji hakuna haja ya kumbembeleza mtu abaki kundini. Anabaki kwa faida yake mwenyewe. Kakamega hatukujaliwa msaada huo. Ardhi yetu ni mgongo na bonde, mgongo na bonde tena, Isiukhu ikikata upande huu na Yala upande ule, na katikati vijito ambavyo wenyeji wake tu ndio wanaovijua kwa majina. Anayepanda kilima kwa mwendo wa mtu anayetembea hana upepo wa kukingiwa. Kila mtu na mapafu yake. Kundi likitoka mjini Jumapili alfajiri, likazunguka Shinyalu na kurudi likiwa bado kundi, limekaa pamoja kwa sababu moja tu: watu walitaka.

Huko kutaka kuna ufundi wake, na ndio ninaousifu hapa.

Kundi ninalolijua halina ofisi wala mlezi. Lina walimu, muuguzi mmoja, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, muuza vipuri, na mzee mstaafu ambaye jezi yake ni fulana ya kampeni ya uchaguzi uliokwisha zamani. Baiskeli nazo ni za kila ukoo: za gia nyingi zilizotoka mitumbani, za milimani zenye matairi manene, na daima moja au mbili za chuma tunazoziita Black Mamba, nyeusi, nzito, zisizojua gia ni nini. Tunaondoka mapema kwa ajili ya mvua. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi yake hutokana na unyevu wa Ziwa Viktoria, unaopanda kwa joto la mchana na kumwagika alasiri. Ukiteremka kuelekea mtoni saa tisa juu ya udongo mwekundu uliolowa, breki zinakuwa pambo tu.

Mwanzo wa safari ni barabara kuu ya Kisumu, na hapo hakuna mzaha. Kuna matatu, malori, pikipiki zilizobeba watu watatu na godoro. Tunapanga mstari mmoja. Aliye mbele ndiye macho ya wote, maana wa tano au wa sita haioni barabara; anachoona ni mgongo wa mtu na gurudumu. "Shimo!" husema wa kwanza, mkono ukionyesha chini upande lilipo, na wa pili hulirudia, na wa tatu, hadi neno lifike mkiani. "Tuta!" "Kokoto!" Kutoka nyuma nako huja "Gari!", likipanda mstari hadi mbele. Waliokulia Isukha na Idakho hawahitaji kufundishwa hili. Ndivyo wimbo wa isukuti unavyokwenda: mmoja anarusha, wengine wanadaka, na asiyedaka anauvunja. Kupitiwa na shimo husamehewa. Kuliona, kulikwepa na kunyamaza hakusameheki.

Mengine hayana maneno, hufunzwa na mwili. Usifunge breki ghafla. Usiruhusu gurudumu lako la mbele lilalie ubavu wa gurudumu la nyuma la mwenzako, kwani yakigusana, anayeanguka huwa ni wewe wa nyuma, na walio nyuma yako wanaangukia juu yako. Kwenye mteremko usigeuke kutazama mbuzi. Ama kuhusu mbwa, kila boma lina wake, wala si ajabu katika kaunti ambayo soko lake la Lubao ni maarufu kwa biashara ya mbwa. Akikujia, punguza mwendo na umsemeshe. Wanaoongeza kasi ndio wanaofukuzwa.

Tunaipita Ilesi, penye akina mama na vyungu vyao kando ya lami, na lile jiwe refu lililobeba jiwe jingine kichwani, maji yakilichuruzika, ambalo wageni husimama kulipiga picha. Khayega tunashika kushoto, na kutoka hapo vilima huanza kutudai.

Maarifa ya vilima hivi hayakuletwa na watu wa Jumapili. Kabla ya pikipiki, magharibi mwa Kenya watu walisafirishwa kwa baiskeli. Biashara hiyo ilianzia mpakani Busia miaka ya 1960 na kuenea huku kwetu: Black Mamba, keria iliyotiwa mto wa sponji, abiria ameketi upande, na kijana aliyekijua kila kilima. Mwaka 2008, serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo, vijana hao walihama kwa wingi, na leo bodaboda ni injini. Lakini waulize wazee wa kazi hiyo wakueleze adabu ya mlima. Mwinuko ulipoanza, abiria alishuka bila kuambiwa. Mwendeshaji naye akashuka akasukuma. Wakapanda kwa miguu wakiongea habari za mahindi na karo. Juu wakapakiana tena. Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Mwendo uliamuliwa na mzigo. Historia za klabu za baiskeli hupenda kuanzia Harrogate, Uingereza, mwaka 1878, ilipoundwa klabu ya watalii wa baiskeli. Mimi ningeanzia kwenye keria ya Busia.

Sasa mlima wenyewe. Chukua kilima chochote kati ya Khayega na msitu. Kabla ya nusu yake kundi limeshakatika, na si vibaya. Kumlazimisha mwenye nguvu apande polepole kuliko mwili wake unavyotaka ni kumchosha bure. Baiskeli inayumba, magoti yanalalamika. Kila mmoja na apande kwa mwendo wake. Ustaarabu wa kundi hupimwa mahali pawili tu: kileleni na mkiani.

Kileleni, wepesi wamefika, wamekunywa maji, wamepigana picha, jasho limekauka. Wa mwisho anafika akihema. Katika makundi mengi kufika kwake ndiyo ishara ya kuondoka: "Haya, twendeni!" Hivyo anayehitaji pumziko kuliko wote ndiye pekee asiyelipata, na bado wenzake wanajisifu kwamba walimngoja. Kwangu hiyo ni dhuluma yenye tabasamu. Desturi yetu ni kwamba mapumziko huanza kuhesabiwa anapofika wa mwisho, na neno "twende" hutoka kinywani mwake. Kanuni ndogo, lakini nimeona watu wazima wakishindwa kuitii, vidole vikigonga usukani kwa kukosa subira.

Mkiani yuko anayefunga msafara, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo. Makundi mengi humweka nyuma yeyote aliyechelewa kuamka. Sisi humweka mwenye nguvu kuliko wote, au aliye karibu na hapo, maana kazi yake ni mara mbili. Hubeba pampu, viraka, gundi, tyubu na spana. Hapandi ubavuni mwa mnyonge muda wote, kwa kuwa huko ni kumlinda kama mfungwa. Hujivuta nyuma kidogo, husogea, hujivuta tena. Hatoi ushauri wa gia asipoulizwa. Hamsukumi mgongoni. Hasemi "tumekaribia" ikiwa hatujakaribia, maana uongo huo huvunja watu kuliko mlima. Huzungumza mambo mengine kabisa: timu ya Homeboyz ilivyocheza uwanjani Bukhungu, bei ya mbolea, binamu anayetaka kuoa bila ng'ombe. Ikitokea mtu anashuka kusukuma, naye anashuka. Wakisukuma wawili wakiongea, mpita njia hawezi kujua nani kachoka. Muuguzi wetu ndiye hodari wa kazi hii. Nadhani wodi za usiku zilimfunza kuwa karibu na mtu bila kumwelemea.

Kenya imewahi kumtoa mngojaji mashuhuri, ijapokuwa alikuja kuvaa bendera ya Uingereza. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na utotoni alinyonga pamoja na vijana wa David Kinjah wa Mai-a-Ihii, Kikuyu. Baadaye alishinda Tour de France mara nne. Lakini siku yake ninayoipenda ni ya Julai 2012, mwaka ambao hakushinda. Kwenye mlima wa La Toussuire, Ufaransa, aliongeza kasi akamwacha kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins. Sauti ikaja redioni. Akapunguza mwendo, akangoja. Wiggins aliingia Paris na jezi ya manjano, Froome akawa wa pili, na hadi leo watu hubishana kama alidhulumiwa. Huenda. Ila yeye alingoja kwa amri na kwa mshahara. Muuguzi wetu hungoja kwa hiari, katika Jumapili ambayo angeweza kulala.

Wapo wanaonung'unika kwamba mwendo huu unawaozesha miguu. Wana haki yao, na dawa ipo. Akifika kileleni na bado ana hamu, na ageuze, ateremke hadi kwa wa mwisho, apande naye tena. Mwenye miguu kweli hupanda kila kilima mara mbili na bado anafika na wengine. Ni wachache kati ya wanaonung'unika wanaoikubali dawa hii zaidi ya wiki moja. Ndipo unapojua kama walikuwa na hamu ya mlima au hamu ya kuonekana wametangulia.

Baada ya Shinyalu, chai na mandazi vikishaliwa, msitu hutupokea Isecheno. Hiki ndicho kipande pekee kilichosalia Kenya cha msitu wa mvua wa aina ile ya Kongo, na ndani yake baridi inakugusa shingoni papo hapo. Magari ni machache, kwa hivyo mstari huvunjwa, watu huenda wawili wawili, na mazungumzo yaliyokatizwa tangu Ilesi humaliziwa hapa, mbega wakiruka juu.

Kurudi, mpangilio hupinduliwa. Aliyekuwa wa mwisho kwenda huwekwa mbele, na wote hulazimika kufuata gurudumu lake. Wenye nguvu huona taabu, kwa sababu kwenda polepole katika mstari bila kugongana kunahitaji mikono mepesi na macho yasiyolala. Wengi wao wanajua kukimbia tu. Mara ya mwisho alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuja na baiskeli ya kuazima. Tulipoingia barabara kuu pale Khayega aliona shimo, akaonyesha mkono, akalisema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Mzee wa fulana ya kampeni, aliyekuwa wa nne, hakusikia kitu.

"Paza sauti, mama," akamwambia. "Huku nyuma tuko wengi."

La pili lilimfikia hata muuza vipuri aliyekuwa mkiani, na mwenye pikipiki aliyekuwa akitupita akalikwepa pia.