Ugumu wa Makusudi: Tathmini ya Fasiri Mbili za Virgilius Maro Grammaticus

Miongoni mwa matini tatanishi za Kilatini cha karne ya 7, Epitomae za Virgilius Maro Grammaticus zimewagawa wahakiki kwa muda mrefu. Mwandishi huyu anadai kuwa kuna aina 12 za Kilatini, na anasimulia kuwa wanasarufi Galbungus na Terrentius walibishana siku 14, usiku na mchana, kuhusu umbo la kuitia la neno ego. Paul Lehmann (1922) aliiona kazi hii kuwa dhihaka. Vivien Law (1995) aliupinga mtazamo huo, akaisoma kama matini yenye hekima iliyofichwa nyuma ya kicheko.

Tathmini hii inaona kuwa kila fasiri inaeleza sehemu tu ya ushahidi. Fasiri ya dhihaka inafafanua vyema kichekesho cha mabishano hayo, lakini haielezi kwa nini wanasarufi wa baadaye wa Ireland na Uingereza walimnukuu kwa uzito. Fasiri ya hekima fiche inampa mwandishi heshima yake. Hata hivyo, ikitumiwa bila kiasi, hugeuza kila neno geni kuwa msimbo.

Orodha ya majina 12 ya moto ni kipimo kizuri. Neno quoquihabin halimo katika Kilatini cha kawaida, lakini mwandishi anatoa maumbo yake ya uhusika, kisha anaeleza kuwa moto huitwa hivyo kwa kuwa una mamlaka ya kupika vilivyo vibichi. Fumbo linakuja na ufumbuzi wake, kama afanyavyo mwalimu mbele ya wanafunzi. Anapojadili ukataji na upangaji upya wa sauti, scinderatio fonorum, sababu yake ya kwanza ni kupima werevu wa wanaojifunza. Ni kweli kwamba sababu ya tatu, kuyalinda mambo matakatifu dhidi ya wapumbavu, inamuunga mkono Law. Lakini haiifuti ile ya kwanza.

Kwa hiyo, inapendekezwa kuwa ugumu huu usomwe kwanza kama zoezi la darasani, ambamo kicheko na siri vina nafasi. Msimamo huu unamgusa mfasiri moja kwa moja: akitafsiri ardon na quoquihabin kwa neno moja tu, “moto”, maana itabaki, lakini zoezi lenyewe litakuwa limefutwa.