Mwili wa Lipiko

Kinyago cha Kimakonde wengi tunakijua kwa mpingo: cheusi, kizito, kimepigwa msasa mpaka kinang'aa, kimepangwa Mwenge, Dar es Salaam, kikisubiri mnunuzi. Lipiko, kinyago cha kuvaliwa ngomani, ni kazi nyingine. Huchongwa kwa mti mwepesi uitwao njala, kwa kuwa mtu atakivaa kichwani na kucheza nacho juani. Na kichwa hicho ni nusu tu ya sanamu. Nusu ya pili hushonwa, na siku hizi nguo zake aghalabu ni mitumba: suruali, sweta na soksi zilizochaguliwa kwenye marundo ya gulioni Tandahimba.

Kichwa nitakipitia upesi, maana ndicho kilichokwisha kuandikwa sana. Shoka hukata gogo, tezo hutoa paji, pua na taya, kisha patasi huingia ndani na kukomba mpaka kuta zibaki nyembamba. Mdomo huachwa wazi, kwani mchezaji ataona njia kupitia hapo. Nta ya nyuki huviringishwa kwa vidole na kubandikwa mashavuni kuwa chale. Nywele ni za watu kweli, zimenyolewa na kugandishwa kwa nta. Mwisho, matundu madogo hutobolewa kuzunguka ukingo wa shingo. Kwenye matundu hayo ndipo mti unapokabidhiwa kwa nguo, na ndipo kazi ninayoistahi inapoanza.

Sharti lake ni moja: ngozi ya mchezaji isionekane popote. Lipiko si mtu, na kidole kimoja kikichungulia, shughuli imeharibika. Kwa hiyo fundi akiinama kwenye rundo la mitumba hatafuti fasheni wala saizi. Hushika kitambaa kwa mikono miwili, akakivuta, akakiinua juani. Mwanga ukipenya, hukirudisha. Sweta humfaa kwa mikono, kwa kuwa hunyumbuka na kurudi. Jinzi ni imara lakini humchosha mchezaji kwa joto, hivyo huichukua kwa magoti tu, mahali panapogusa ardhi. Soksi ndefu zitafunika viganja na nyayo. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu. Rwanda ikakaza ushuru, kwetu marundo yakabaki, na fundi akabaki na mahali pa kuchagulia.

Nyumbani kazi ya kwanza ni kufumua. Wembe hupita kwenye mishono, ukatoa zipu, kola, vifungo na lebo. Hachani, kwa sababu kitambaa kilichochanika hupoteza ukingo, na ukingo ni akiba ya mshono. Kila kipande hunyooshwa pajani na kuwekwa na wenzake kwa uzito, si kwa rangi. Halafu humpima kijana atakayecheza, kwa kamba yenye mafundo, wala si kwa futi. Humpima akiwa ameinua mikono, kisha akiwa amechuchumaa, kwa kuwa nguo iliyopimwa kwa mtu aliyesimama wima itapanda kwenye kifundo cha mguu mara tu ngoma itakapochanganya. Vijana humwita mjomba, naye huwaamrisha kwa kidevu tu: inuka, geuka, keti.

Hushona kwa mkono. Uzi hukunjwa mara mbili na kuvutwa juu ya kipande cha nta, ile ile ya chale, ili usikatike kwa jasho. Mshono wa shingoni ndio unaompambanua fundi na mshonaji wa kawaida. Sindano hupita tundu la kwanza, ikarudi, ikafungwa fundo. Tundu la pili vivyo hivyo, kila tundu na fundo lake, ili moja likikatika mengine yashike. Kitambaa kikikazwa sana, kichwa hakitageuka kwa ghafla kama mdundo unavyotaka. Kikilegea, shingo itaonekana. Basi hushona robo ya mzunguko, humvika kijana, humgeuza kulia na kushoto, hutazama kutoka chini, kisha hufumua mafundo aliyoyafunga asubuhi na kuanza tena, bila kuguna. Sijaona subira ya namna hiyo mahali pengi.

Baada ya hapo mwili hujengwa. Fulana kuukuu hukatwa vipande virefu, vikasokotwa na kuzungushwa kifuani, mabegani na nyongani, safu juu ya safu, kama mkeka unavyoshonwa ukili kwa ukili. Kijana mwembamba hunenepa, mabega hupanda, mwendo hubadilika, hata rafiki zake wasimtambue. Kwa kumwigiza mwanamke mjamzito, Wamakonde wa upande wetu wa mto Ruvuma wana tumbo na matiti yaliyochongwa kwa mti na kufungwa kifuani; hapo nguo hufanya kazi ya kuficha kingo tu. Njuga hufungwa mwisho.

Yanayofanyika porini ni ya waliopita jando, na sitayagusa. Nimesema ya uwanjani.

Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na kukaa Newala, akikusanya vitu vya watu wa nyanda hizi. Tangu wakati huo vinyago vya Wamakonde vimesafiri hadi makumbusho mengi ya Ulaya, na vingi vimetundikwa ukutani vichwa vitupu, matundu ya shingoni yakiwa wazi. Aliyeviona hivyo ameona nusu ya sanamu. Naona ni hasara kubwa, kwa kuwa mti hudumu na nguo huoza, na maarifa ya kuishona yamo mikononi mwa wazee. Ninyi mnaotunza makumbusho yetu hapa nchini, mkinunua kichwa, nunueni na nguo zake, na kwenye kibao andikeni jina la aliyezishona.