Sikio la Bibi Kizee: Namna ya Kupima Ngano ya Masala Kulangwa

Ukitaka kumpima msimulizi huku Bariadi, mwombe ngano ya Kisukuma ya Masala Kulangwa, kisha subiri zimwi life. Msimulizi wa kawaida hukomea hapo. Fundi ndipo anapoketi vizuri.

Kisa kinajulikana: zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote, akabaki mama mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, akakua, akaliua zimwi, akalipasua kwa kisu, na watu wakatoka hai.

Kipimo cha kwanza ni panzi. Mtoto anaua panzi, anarudi akishangilia kwamba ameua Shing'weng'we. Mama anamwambia, "Mwanangu, huyo ni panzi tu." Baadaye analeta ndege, kisha swala. Sikiliza sauti ya mtoto: kila safari iwe imekomaa kidogo. Ikiwa ya swala ni ile ile ya panzi, mtoto hakukua. Maneno tu ndiyo yamerudiwa.

Cha pili ni mama. Asimcheke mwanawe, wala asimsifu kwa uongo. Msimulizi akimfanya mkali au mlaini kupita kiasi, malezi yamepotea.

Cha tatu, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni sikio. Kisu kile kile kilichookoa watu kilimkata sikio bibi kizee aliyekuwa tumboni mwa zimwi. Bibi akakasirika, akataka kumloga kijana. Msimulizi dhaifu humgeuza bibi kuwa mchawi tu, ili shujaa abaki safi. Usikubali. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu, na moshi wa kuni huyafanya macho yawe hivyo. Fundi humwachia bibi haki yake: ameumia kweli, hata kama aliyemkata alikuwa na nia njema.

Cha nne ni mpangilio. Masala Kulangwa anatafuta dawa, bibi anapona, ndipo watu wanampa kiti cha utemi. Utemi ukitangulia dawa, ngano imeharibika, kwa sababu kuua zimwi kulimfanya shujaa, lakini kuliponya sikio ndiko kulikomfanya mtu mzima.

Nanyi waandishi wa vitabu vya watoto mnaotaka kuiendeleza ngano hii, msitafute zimwi la pili. Anzeni na sikio.